Land Rover katika Nchi ya Mkonge

Tarehe 29 Januari 2016, katika kiwanda cha Solihull nchini Uingereza, ilitoka Land Rover Defender ya mwisho ya umbo la zamani. Mamia ya wafanyakazi, waliokuwa kazini na waliokwisha kustaafu, walialikwa kuishuhudia. Tangu mwaka 1948 ukoo huo ulikuwa umetoa magari zaidi ya milioni 2. Sasa miaka 10 imetimia, na kumbukumbu nyingi za gari hilo zinahusu wakulima wa Wales, majeshi ya Uingereza na watalii wa Serengeti. Pwani yetu ya kaskazini hutajwa kwa nadra mno, ilhali Tanga ni miongoni mwa mahali ambapo Land Rover ilifanya kazi ile ile iliyoundiwa: kumfikisha mtu shambani pasipo na barabara, na kumrudisha.

Anayetaka kujua kwa nini iwe Tanga, aanze na mkonge. Vichipukizi vya kwanza viliagizwa na Mjerumani Richard Hindorf kutoka Florida. Vilipofika mwaka 1893, 62 tu ndivyo vilivyokuwa hai, vikapandwa Kikogwe karibu na Pangani. Kutoka hapo zao lilipanda na reli ya Usambara, likapita Muheza, Korogwe na Mombo, na kufikia katikati ya karne ya 20 Tanganyika ilikuwa inaongoza duniani kwa singa, yaani nyuzi za mkonge. Ngombezi, Magunga, Mazinde, Kwamdulu, Kigombe, Mwera: haya si majina ya mashamba tu, ni miji midogo iliyokuwa na kambi, zahanati, maduka na karakana.

Shamba la mkonge ni pana. Mistari yake inakwenda kilomita nyingi, na majani yakishakatwa ni lazima yafike kwenye korona, ile mashine inayoyaponda na kutoa singa, kabla hayajakauka. Kwa hiyo majani yalitengenezewa njia mapema, reli nyembamba za troli zilizokatiza shamba hadi kiwandani. Binadamu hakutengenezewa. Meneja, fundi wa mashine, bwana afya na karani wa mishahara walitegemea miguu, punda, au lori ambalo wakati wa masika lilizama kwenye tope jeusi mpaka litakapovutwa. Farasi hakuishi, mbung'o walimmaliza. Kisha Vita vya Korea vikazuka mwaka 1950, bei ya mkonge ikapaa, na mashamba ya Tanga yakashika fedha ambazo hayajapata kuzishika kabla wala baada yake. Gari jipya kutoka Solihull liliwakuta wenye mashamba na fedha mkononi na shida hiyo mbele yao.

Gari lenyewe lilizaliwa na vita. Mwaka 1940 jeshi la Marekani liliwataka wenye viwanda wabuni gari dogo, jepesi, linalosukumwa na magurudumu yote manne. Kampuni ndogo ya Bantam ndiyo iliyotoa mfano wa kwanza, kisha Willys na Ford zikaunda Jeep zaidi ya 600,000 kabla vita havijaisha. Askari wetu wa King's African Rifles waliopelekwa Burma walizikuta kazini katika misitu na matope ya huko. Amani iliporudi, Maurice Wilks, mhandisi mkuu wa kampuni ya Rover, alikuwa akitumia Jeep moja kuukuu katika shamba lake kisiwani Anglesey. Ilikuwa imechoka, na Uingereza haikuwa na gari la kuchukua nafasi yake. Mwaka 1947 alichora mchangani, ufukweni, umbo la gari alilolitaka, na tarehe 30 Aprili 1948 Land Rover ikaonyeshwa kwenye maonyesho ya magari ya Amsterdam. Chuma kilikuwa cha mgawo, basi bodi ikafanywa ya alumini. Rangi iliyopatikana ilikuwa ya kijani, masalio ya rangi za ndege za vita. Injini ya petroli ya lita 1.6 ilitoa nguvu za farasi 50 tu.

Ile alumini iliyochaguliwa kwa sababu ya uhaba ndiyo iliyolifanya gari lifae pwani. Upepo wa chumvi wa Pangani na Kigombe hauna huruma na bati, ila bodi ya Land Rover haikuota kutu. Kilicholiwa ni chesisi, pamoja na ule ukuta wa chuma ulio kati ya injini na dereva. Pale alumini inapogusana na chuma na unyevu wa chumvi ukaingia katikati, ni alumini inayoumia, ikageuka unga mweupe. Ndiyo maana fundi wa pwani anayeitiwa Land Rover ya kununuliwa hulala kwanza chini ya gari, akagonga chesisi kwa nyundo na kusikiliza, kabla hajamwambia mtu afungue boneti.

Aina iliyokuja kufahamika zaidi kwetu ni 109, iliyopewa namba hiyo kwa inchi zilizopo kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma. Abiria walikaa nyuma kwenye mabenchi ya pembeni wakitazamana, magoti kwa magoti, na mizigo ikafungwa juu kwenye keria. Duniani nako biashara ilikuwa nzuri: magari 250,000 yalikuwa yametoka kufikia 1959, 500,000 kufikia 1966, na la milioni likatoka 1976.

Isidhaniwe kwamba gari hili lilipendwa na wote. Manamba aliyeletwa kwa mkataba kutoka bara alihesabiwa siku zake kwenye kipande, kadi yake ya kazi, na kwake yeye mlio wa Land Rover ulimaanisha meneja yuko njiani na nyapara ataanza kufoka. Huko milimani Usambara, maofisa wa kilimo walisimamia mpango wa kuhifadhi udongo ulioanzia bonde la Mlalo mwaka 1946. Wakulima wa Kishambaa walilazimishwa kuchimba matuta, aliyekataa alitozwa faini, na mzigo mkubwa wa jembe ukawaangukia kinamama. Kila gari la serikali lililoonekana likipanda kona za Soni lilipokewa kwa hofu na chuki. Upinzani ulikua hadi serikali ikautupa mpango wenyewe mwishoni mwa miaka ya 1950.

Katika miaka hiyo hiyo Mwalimu Nyerere alikuwa akiizunguka Tanganyika kwa Land Rover ya chama cha TANU, iliyochakaa kwa safari. Gari la aina ile ile lililomleta ofisa wa matuta sasa lilimleta mtu wa kusema kwamba utawala wa kikoloni una mwisho. Wazee walioshiriki mikutano ile husimulia vumbi la gari kabla ya kusimulia hotuba. Kwa maoni yangu, hapo ndipo Land Rover ilipoacha kuwa mali ya Waingereza machoni pa watu wa huku.

Uhuru ulibadilisha abiria. Kiti cha mbele alichokalia ofisa wa kikoloni kikakaliwa na mkuu wa wilaya mwananchi, na nyuma wakapanda bwana shamba, bwana mifugo, bwana maji, mganga na mkaguzi wa shule. Handeni ilikuwa miongoni mwa wilaya za mwanzo kuhamishia watu katika vijiji vya ujamaa, na kazi ile yote, nzuri yake na chungu yake, ilihitaji magari yanayoweza kwenda mahali ambapo ramani ilionyesha njia ya miguu. Kule Amani walikuwapo watafiti wa malaria, wa taasisi iliyoanza Muheza mwaka 1949, ambao kazi yao ilikuwa kushuka vijijini kufuata mbu. Kusini mwa Pangani, kampuni ya mkonge ya Amboni ilianzisha ranchi ya Mkwaja katika miaka ya 1950, ikafuga maelfu ya ng'ombe katikati ya mbung'o, kati ya bahari na pori, hadi ilipofungwa mwaka 2000 na ardhi yake kuunganishwa na Hifadhi ya Taifa ya Saadani iliyotangazwa 2005. Nchi ya namna hiyo haikuwa na nafasi kwa gari la chini.

Sehemu ya historia hii ninayoithamini kuliko zote imo gereji. Land Rover iliundwa kwa boliti. Madigadi, milango, boneti na kioo cha mbele, vyote hufunguliwa kwa spana, na mtu mmoja mwenye msaidizi anaweza kulivua gari likabaki chesisi na injini kabla ya adhuhuri. Kwa sababu hiyo lilifundisha. Kijana aliyeingia karakana ya shamba akiwa mpokea spana, baada ya miaka michache aliweza kushusha giaboksi peke yake, maana hakuna kilichofichwa. Wengi wao walitoka huko wakafungua gereji zao chini ya miembe, Ngamiani na kwingineko mjini Tanga, wakachukua vijana wengine.

Udhaifu wa gari ulijulikana kama unavyojulikana udhaifu wa ndugu. Ekseli za nyuma za 109 zilikatika, hasa dereva akiwa na haraka na mzigo ukiwa mkubwa, kwa hiyo mwenye busara hakusafiri bila ekseli ya akiba chini ya benchi. Betri ikifa, hendeli iliingizwa mbele ya injini na gari likawaka kwa mkono. Tangi likitoboka kwa jiwe, lilizibwa kwa sabuni ya mche iliyokandwa, na safari ikaendelea. Gasketi ilikatwa kwa wembe kutoka kwenye karatasi nene ya boksi. Bodi iliyochanika ilipigwa kiraka cha alumini kwa ribiti, na kiraka juu ya kiraka, mpaka ikawa vigumu kusema rangi ya kwanza ilikuwa ipi.

Halafu ikaja miaka ya uhaba. Bei ya mafuta ilipanda mwaka 1979, vita dhidi ya Idi Amin vilikuwa vimekula akiba ya taifa, na fedha za kigeni hazikuwapo. Gari jipya lilipitia State Motor Corporation, shirika la umma lililokuwa na mamlaka ya kuagiza magari, na foleni yake ilikuwa ndefu. Vipuri vilikuwa adimu kuliko magari. Magari matatu yaliyokufa yalitolewa viungo ili moja litembee. Injini ya petroli iliyochoka ilitolewa ikawekwa ya dizeli ya Kijapani, fundi akatengeneza mwenyewe vishikizo na kuunganisha giaboksi ambayo haikuwahi kukusudiwa kukutana na injini hiyo. Naitaja kazi hiyo kwa heshima kamili. Ni uhandisi, ingawa waliofanya hawakupewa cheti, na bila wao ukoo wa Land Rover ungezikwa Tanga miaka 20 mapema.

Wakati mafundi wetu walipokuwa wakihangaika kuliweka gari hili hai, wenye kiwanda walikuwa wakiliua. Rover iliingizwa katika muungano wa British Leyland mwaka 1968, na muungano huo ulipofilisika serikali ya Uingereza ikautaifisha 1975. Land Rover ilikuwa ikileta faida, lakini fedha zake zilikwenda kuziba hasara za magari madogo yaliyokosa wanunuzi. Toleo la tatu lililotoka 1971 lilibaki karibu vile vile hadi One Ten, yenye springi za koili, ilipokuja 1983. Miaka 12 ni mingi kwa mteja anayebadilisha ekseli kila masika.

Aliyeingia kwenye pengo hilo alikuwa Toyota. Mwaka 1951 kampuni hiyo iliunda gari lililoitwa Toyota Jeep, likilenga jeshi la akiba la polisi wa Japani, na mwaka 1954 likapewa jina la Land Cruiser. Nalo, kama Land Rover, lilichipuka kutoka ile ile Jeep ya vita. Tofauti ni kwamba Wajapani waliwasikiliza wanaovunja magari. Waliongeza unene wa ekseli, wakaweka injini kubwa isiyopewa kazi kuliko uwezo wake, na mwaka 1984 wakatoa mfululizo wa 70, ambao toka 1990 ulipata dizeli ya lita 4.2 ya silinda sita, isiyo na turbo wala kompyuta. Dereva aliyelala porini usiku mmoja kwa ekseli iliyokatika hakuhitaji kushawishiwa.

Uwakala wa Toyota nchini ulichukuliwa na familia ya Karimjee, ambayo nayo ilikuwa na mashamba ya mkonge mkoani Tanga. Fedha na uzoefu wa shamba vilivyoifanya Land Rover itawale vilikuwa sasa upande wa mshindani. Misaada ya Japani na miradi ya Umoja wa Mataifa ilileta Land Cruiser nyeupe kwa makumi, na vipuri vikafuata magari. Mnunuzi mkubwa wa zamani naye alikuwa anadidimia. Kamba za plastiki zilishusha bei ya singa tangu katikati ya miaka ya 1960, mashamba mengi yakataifishwa Oktoba 1967, na uzalishaji uliofikia takriban tani 230,000 mwaka 1964 ukaporomoka hadi kama tani 20,000 mwishoni mwa miaka ya 1990. Reli za troli ziling'olewa zikauzwa chuma chakavu. Karakana zilizofundisha mafundi zikafungwa moja baada ya nyingine. Mimi siitenganishi historia ya gari hili Tanga na historia ya mkonge. Vilipanda pamoja na vikashuka pamoja.

Enzi ya urais wa Mzee Mwinyi ilipofungua milango ya biashara, aliyekuwa na fedha aliagiza gari lililotumika kutoka Japani, bila foleni. Land Rover bado ilikuwa na nafasi ya mwisho. One Ten ilipewa jina la Defender mwaka 1990, na injini ya 300Tdi iliyokuja 1994 ilikuwa na nguvu, ilikunywa dizeli kidogo na ilitengenezeka kwa spana. Waliowahi kuiendesha kutoka Muheza hadi Amani wakati wa mvua wataniunga mkono: hakuna dizeli ya Land Rover iliyofaa milima yetu kuliko hiyo. Kampuni ikaiondoa. Mwaka 1998 ikaleta Td5 iliyoongozwa na kompyuta, na fundi wa chini ya mwembe akakuta kwa mara ya kwanza gari linalokataa kuwaka bila kumwambia kwa nini.

Wenye mali nao walizidi kubadilika: British Aerospace 1988, BMW 1994, Ford 2000, Tata ya India 2008. Kila mmoja alitazama Range Rover na faida yake mjini, na kila mmoja aliiacha Defender izeeke. Sheria za Ulaya za moshi na usalama zilipozidi kubana, hakukuwa na lililoandaliwa mapema. Nasema wazi kwamba kampuni hii ilimwacha mkulima, bwana mifugo na mganga wa kijijini muda mrefu kabla wao hawajaiacha.

Wamarekani wana hadithi yao inayofanana na hii, ila fupi zaidi. Humvee ya jeshi iliyoingia kazini katikati ya miaka ya 1980 iliuzwa kwa raia kwa jina la Hummer kuanzia 1992, kwa kuhamasishwa na mcheza filamu Arnold Schwarzenegger. General Motors wakalinunua jina, wakatoa H2 na H3, na kufikia 2010, mafuta yakiwa ghali na mpango wa kuiuzia kampuni ya China ukiwa umevunjika, biashara ikafungwa. Miaka 18 tu. Lilikuwa gari la kuonyesha, halikuwa na shamba la kulitegemea wala kijiji cha kulisubiri. Sisi wenyewe, kwa ujasiri ambao vijana wengi hawaujui, tulianzisha mradi wa Nyumbu huko Kibaha katika miaka ya 1980 chini ya Jeshi la Wananchi, likaundwa lori la kijeshi la Kitanzania. Halikufika sokoni kwa wingi, lakini lilithibitisha kwamba ujuzi uliokuwa ukilala chini ya miembe ungeweza kuingia kiwandani.

Na barabara zimebadilika. Kutoka Tanga hadi Horohoro mpakani ni lami, kilomita 65 zilizojengwa kwa msaada wa Marekani. Barabara ya Tanga, Pangani, Saadani hadi Bagamoyo inajengwa kwa lami, pamoja na daraja juu ya Mto Pangani, pale ambapo vizazi vilisubiri kivuko. Ni jambo jema lisilo na shaka. Mjamzito wa Mkwaja hatakuwa na haja ya kulala kwenye benchi la 109 akirushwarushwa kuelekea hospitali.

Mwezi Oktoba 2024 Arusha ilifanya tamasha kubwa la Land Rover, na mamia ya magari, mengine ya miaka ya 1950 na 1960, yakaandamana. Yalifika kwa injini zao. Defender mpya iliyozinduliwa 2019 inaundwa Nitra, Slovakia, ni gari zuri la bei ya juu, na sidhani kama nitaiona ikibeba viroba vya mahindi Handeni.

Tanga haijafanya tamasha lake, na si lazima ifanye. Inachohitaji ni jambo la haraka zaidi. Mafundi waliojifunza kazi katika karakana za mkonge sasa ni wazee sana, na madaftari ya karakana hizo yanaliwa na mchwa. Mwenye picha ya zamani ya gari la shamba, kitabu cha safari cha dereva, au daftari la vipuri, asilichome moto. Alipeleke kwenye makumbusho ya Urithi Tanga pale mjini. Na mwenye baba au babu aliyekuwa fundi wa Land Rover, awashe simu yake jioni moja, amuulize alivyounganisha giaboksi ile na injini ile, na arekodi jibu lote.